Umesema OK, Lakini OK Ipi?

Mwombe mtu yeyote anayesema OK kutwa nzima akueleze maana yake, utaona anavyokwama. Ataanza kwa kusema ni "ndiyo", halafu atakumbuka kwamba mara nyingi hulitamka bila kuulizwa swali lolote. Atajaribu "sawa", kisha atakumbuka kwamba amewahi kuwaambia OK watu ambao hakukubaliana nao hata chembe, ili tu wanyamaze. Akiendelea kupekua atakuta OK ya kuanzisha kikao, ya kufunga mazungumzo ya simu, ya kumpa mtu ruhusa, ya kusema chakula hakikuwa kitamu sana wala kibaya sana, na ile inayonyanyuliwa mwishoni ikawa swali. Ninavyoona mimi, fujo hii ya maana iko juu juu tu. Chini yake OK lina kazi moja: kumjulisha mwenzako kwamba alichosema au alichofanya kimepokewa, bila kutamka kama ni kizuri au kibaya, kweli au uongo. Neno hili linapokea, halihukumu. Ndiyo sababu limeweza kukaa katika lugha nyingi mno za dunia, Kiswahili kikiwemo. Na kwa sababu hiyo hiyo lina madhara, maana kuna mahali ambapo kupokea tu hakutoshi, na msikilizaji anahitaji kujua kama amekubaliwa, ameruhusiwa, au amesikika basi.

Asili yake ni utani, tena utani wa kitoto. Miaka ya 1830 waandishi wa magazeti ya Boston na New York walishikwa na homa ya kufupisha maneno, na kichekesho chenyewe kilikuwa kuyaandika kwanza kwa tahajia mbovu, kama ya mtu aliyetoroka shule, ndipo zichukuliwe herufi za mwanzo za ule ubovu. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post, chini ya mhariri wake Charles Gordon Greene, lilichapisha kipande kifupi cha mzaha kuhusu chama kilichojiita cha kupinga upigaji kengele. Ndani yake zikajitokeza herufi o.k., na kando yake maelezo kwamba maana yake ni "all correct", yaani yote ni sahihi. Sahihi, ila herufi zote mbili zimekosewa: "all" haianzi kwa o wala "correct" haianzi kwa k. Ni kama mwandishi wa Dar es Salaam leo aandike "thawa gabisa", aifupishe T.G., na wasomaji wake waipokee kwa kicheko na kuanza kuitumia. Herufi hizo zilikuwa na ndugu zake wa kila namna. Kulikuwa na O.W. ya "all right" iliyoandikwa kwa makosa, na K.Y. ya "no use", yaani haina faida. Hizo zote zilikufa mapema, na leo zinajulikana na wanaisimu tu.

Iliyookoa OK ni siasa. Martin Van Buren, rais wa nane wa Marekani, alizaliwa Kinderhook katika jimbo la New York, na alipogombea tena mwaka 1840 wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook, wakaunda vilabu vya O.K. vya kumpigia debe. Wapinzani hawakukaa kimya. Walieneza kwamba herufi hizo zilitoka kwa Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren na aliyekuwa mlezi wake kisiasa, ambaye ati hakujua kuandika, akawa anatia O.K. kwenye nyaraka akidhani ameandika "all correct". Ulikuwa uzushi mtupu, lakini ulisikika. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. Hata hivyo, kufikia siku ya kura, neno lilikuwa limeshatangazwa nchi nzima na pande zote mbili bila gharama yoyote kwa neno lenyewe.

Halafu ikaja telegrafu, na hapa ndipo neno lilipopata kazi ya maana. Samuel Morse alifungua njia yake kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844, na baada ya muda mfupi nyaya zilikuwa zikifuata reli kila zilikokwenda. Mpokeaji aliyekaa upande wa pili wa waya alihitaji ishara fupi ya kumwambia mtumaji kwamba ujumbe umefika wote. OK ikachukua nafasi hiyo. Tuliangalie hilo kwa makini kidogo. Karani wa telegrafu akipiga OK hasemi kwamba habari aliyoipokea ni njema. Inaweza kuwa habari ya msiba, inaweza kuwa uongo wa mfanyabiashara, inaweza kuwa amri ambayo yeye binafsi anaona ni ya kipumbavu. Hayo hayamhusu. Anachosema ni kwamba herufi zilizotumwa zimefika. Wakati huo huo, maofisini, wakubwa walikuwa wakitia OK juu ya hundi na hati kama alama ya kuidhinisha. Kwa hiyo mapema kabisa neno lilikuwa na mizizi miwili: mmoja wa kupokea, mwingine wa kuruhusu. Mtu aliyelitamka alijua anatumia upi, ila aliyelisikia hakujua kila mara.

Historia hii ya 1839 iliwekwa wazi na Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala alizozichapisha kwenye jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964 baada ya kupekua magazeti ya zamani. Kabla yake, na hata baada yake, kila taifa lilikuwa na hadithi yake. Wapo waliosema neno limetoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa kusini mwa Marekani. Rais Woodrow Wilson aliamini hivyo kiasi cha kuliandika "okeh". Waskoti walilisikia katika "och aye" yao, Wagiriki katika "ola kala", yaani yote mazuri. Mwanaisimu David Dalby alipendekeza kwamba lilivuka Atlantiki na watumwa kutoka Afrika Magharibi, akitaja "waw kay" ya Kiwolofu. Pendekezo hili la mwisho linavutia, na si jambo la kudharau, kwani Waafrika waliopelekwa Marekani waliacha maneno mengi katika Kiingereza cha huko bila kupewa sifa. Lakini kufanana kwa sauti si ushahidi. Ushahidi wa Read ni mnyororo wa maandishi wenye tarehe, kuanzia gazeti moja hadi lingine, na utani wenyewe umeelezwa pale pale ulipozaliwa. Kinachobaki cha kustaajabisha ni kwamba watu wengi hivyo walijisikia wenyewe ndani ya neno hili. Sauti zake, o, k na e, zipo karibu kila mahali, na sisi tumelipokea kama "oke" au "okei" bila kulichonga hata kidogo, maana silabi zake zinaishia kwa irabu kama zetu.

Turudi kwenye maana. Katika Kiingereza cha leo OK ni nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na kihisishi kwa pamoja. Bosi anatoa OK yake; bosi huyo huyo ana-OK bajeti. Allan Metcalf, aliyeandika kitabu kizima juu ya neno hili mwaka 2010, alionyesha kwamba katika matumizi hayo yote kuna tabia moja: OK linathibitisha bila kukadiria thamani. Jaribu kulipima kwenye mazingira ya kawaida. Mtu amejikwaa akaanguka, ukamuuliza kwa Kiingereza kama yuko okay, akajibu kwamba yuko okay. Hajasema ana furaha wala kwamba goti halimuumi. Amesema hakuna cha kutengenezwa, mnaweza kuendelea na safari. Au mgeni amekula chakula chako, ukamuuliza kilikuwaje, akasema kilikuwa okay. Hapo mpishi ananuna, na ana haki, kwa sababu alitaka kusifiwa akapewa stakabadhi. Tabia hiyo imevuka hata kwenye mikono. Wazamiaji wa chini ya bahari, Mafia na Pemba kama popote pengine, huunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara, kwa sababu gumba lililonyooshwa juu kwao maana yake ni twende juu. Ishara hiyo kwao ni swali na ni jibu: uko salama? Niko salama. Brazili ishara hiyo hiyo ni tusi, kwa hiyo msafiri asiitumie ovyo.

Tabia ya kupokea bila kuhukumu inaonekana waziwazi zaidi katika mazungumzo. Mwaka 1973 wanasosholojia Emanuel Schegloff na Harvey Sacks walichunguza jinsi watu wanavyomaliza maongezi ya simu, wakaona kwamba hakuna anayekata simu ghafla; kwanza kila upande hutupa neno jepesi, OK likiwa mojawapo, la kumwambia mwenzake: mimi sina jipya, wewe je? Miaka ishirini baadaye, mwaka 1993, Wayne Beach alionyesha kwamba OK la aina hiyo hutazama pande mbili kwa mpigo: linafunga lililopita na kuandaa linalofuata. Waswahili hawana haja ya kuambiwa hilo na mtafiti. Sikiliza simu yoyote inavyoisha:

"Haya basi."

"Haya. Kwa hiyo Jumamosi."

"Jumamosi, okei."

"Okei. Wasalimie nyumbani."

"Zimefika. Haya."

"Haya, okei, baadaye."

Katika mistari hiyo sita, habari ni moja tu, Jumamosi, na nayo inaonekana walishaafikiana juu yake kabla. Yaliyobaki ni watu wawili wanaopeana nafasi ya mwisho ya kusema kama kuna lililosahaulika. Ukiyafuta hayo maneno mepesi, mtu anakata simu akiwa na hisia kwamba mwenzake amekasirika.

Mtu anaweza kunipinga hapa na kusema kwamba nalipa neno sifa isiyo yake. OK limeenea, atasema, kwa sababu Marekani imeenea: sinema, wanajeshi, biashara, kompyuta. Taifa lingine lingetawala, tungekuwa tunasema neno lingine. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Bila nguvu ya Marekani OK lingebaki Boston. Miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa kutamkwa na binadamu akiwa juu ya mwezi, tarehe 20 Julai 1969, imo "okay" ya Buzz Aldrin akithibitisha kwamba injini imesimama, na hilo halikutokea kwa sababu ya uzuri wa silabi. Ila nguvu hiyo ilisukuma maneno mengi. Zama kwa zama sinema za Marekani zimetangaza maneno ya kusifia na ya kushangaa ambayo leo hata Wamarekani wenyewe hawayatumii. Halafu kuna jambo jingine: lugha zinapoazima, kwa kawaida huazima majina ya vitu vipya. Gari likija, jina lake linakuja nalo. Lakini kukubali si kitu kipya. Kila jamii ilikuwa na maneno yake ya kukubali kabla ya Mmarekani wa kwanza kuzaliwa. Kwa nini basi liazimwe neno la kazi ambayo tayari ina watu wake? Jibu langu ni kwamba OK halikuja kumfukuza mwenyeji. Wenyeji wote walibeba kitu cha ziada, ama heshima, ama uzito wa ahadi, ama sifa. OK lilikuja tupu.

Kiswahili kinatoa ushahidi mzuri. Ukiitwa jina lako, kwa desturi mwanamume huitika "naam" na mwanamke "abee". Aliyetaka kuongeza adabu husema "labeka". Maneno hayo yanapokea mwito, lakini pia yanatangaza wewe ni nani na unamheshimu kiasi gani anayekuita. "Ndiyo" inathibitisha ukweli. "Sawa" asili yake ni ulinganifu, vitu viwili kuwa kimo kimoja, na mpaka leo ukisema "sawa" kuna harufu ya makubaliano, kwamba mizani imetulia. "Vyema" inasifu. "Poa" inasifu pia, kwa lugha ya kijiweni. "Haya" ndiyo iliyo jirani zaidi na OK, kwa kuwa nayo inafungua, inafunga na inaruhusu: haya tuanze, haya inatosha, haya nenda. Lakini hata "haya" ina uchangamfu wake na hila zake. Mtu akikuambia "haya bwana" kwa sauti ya kushuka, ujue hajakubali. Amekuachia ubebe mzigo wako mwenyewe, na matokeo utayaona. Kwa hiyo anayedai kwamba OK ni uvivu wa watu wasiojua Kiswahili anakosea kidogo. Vijana wanaosema "okei" hawajasahau "naam". Wamechagua neno lisilouliza umri wa mtu wala cheo chake.

Hapo hapo, lakini, ndipo wazee wanapoudhika, na si kwa ukaidi tu. Bibi akimtuma mjukuu dukani, mtoto akajibu "oke" na kuondoka, bibi anaona amejibiwa kama rika. Ujumbe umepokewa, ni kweli, na chumvi italetwa. Kilichokosekana ni ile sehemu ya jibu inayomrudishia bibi nafasi yake. Sidhani kwamba jambo hili litaharibu adabu za Waswahili, kwani mtoto huyo huyo anajua kuamkia, na "shikamoo" haijapata mpinzani. Hata hivyo linaonyesha kwamba neno tupu si lazima liwe neno lisilo na upande. Mahali ambapo heshima inategemewa, kukosekana kwake kunasikika.

Hayo ni manung'uniko ya nyumbani, na nyumbani husameheana. Kuna mahali ambapo OK lilisikika vibaya na hakukuwa na nafasi ya kurekebisha. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja mdogo wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ulijaa ndege kubwa zilizoelekezwa huko baada ya bomu kulipuka kwenye uwanja wa Gran Canaria. Jioni ukungu ukashuka. Boeing 747 ya KLM ilikuwa imesimama mwanzo wa njia ya kurukia. Boeing 747 ya Pan Am ilikuwa bado inatambaa kwenye njia hiyo hiyo, ikitafuta pa kutokea, na hakuna aliyeweza kumwona mwenzake. KLM ilipewa maelekezo ya njia ya kufuata ikishapaa, si ruhusa ya kupaa. Rubani msaidizi aliyarudia maelekezo hayo, akamalizia kwa maneno ya Kiingereza yasiyo wazi ambayo yangeweza kumaanisha kwamba wako tayari kupaa au kwamba wanapaa. Ukweli ni kwamba nahodha alikwisha kuanza kuisogeza ndege. Mwongozaji mnarani akajibu OK. Akanyamaza kama sekunde mbili, kisha akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Katika sekunde zile zile wafanyakazi wa Pan Am walikuwa redioni wakisema kwamba bado wako njiani. Sauti mbili zikagongana kwenye masafa yale yale na kuzaa mlio mkali ndani ya chumba cha marubani cha KLM. Kilichofika kikiwa safi ni ile OK. Watu 583 walikufa: wote 248 waliokuwa ndani ya KLM na 335 wa Pan Am. Hakuna ajali nyingine ya ndege mbili kugongana iliyowahi kuua wengi kiasi hicho.

Nitaambiwa nalionea neno, na pingamizi hili lina uzito. Wachunguzi wa Hispania walitaja kwanza kwamba nahodha wa KLM aliondoka bila ruhusa. Ongeza bomu, ukungu, uwanja usiozoea ndege za ukubwa ule, saa za kazi za marubani zilizokuwa zikiyoyoma, na redio inayoruhusu msemaji mmoja tu kwa wakati. Nakubali yote. OK halikuiondoa ndege ile. Ilikuwa imeshaanza kutembea. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Kati ya maneno yote ambayo mwongozaji angeweza kuanza nayo, OK ndilo lililoweza kusimama peke yake na kusikika kama ruhusa masikioni mwa mtu aliyekuwa akiitamani ruhusa. Mwongozaji mwenyewe, kwa dalili zote, alikuwa anapokea: nimesikia uliyoyarudia. Aliyemsikia alikuwa anangoja kuruhusiwa. Ile mizizi miwili ya karne ya kumi na tisa, wa karani wa telegrafu na wa bosi mwenye hundi, ilikutana ndani ya sekunde mbili. Angeanza kwa kusema subirini, kipande kilichofika kabla ya mlio kingekuwa kinyume kabisa.

Lugha ya usafiri wa anga ilikuwa na dawa tayari, ila haikufuatwa kwa ukali. Katika msamiati rasmi wa kimataifa, "Roger" maana yake ni kwamba nimepokea ujumbe wako wote wa mwisho, basi. Haisemi nimekubali wala nitatekeleza. "Wilco" maana yake ni kwamba nimeelewa na nitatekeleza. "Affirm" ni ndiyo. Yaani wataalamu waliichukua OK, wakaipasua vipande vitatu, kila kipande wakakipa jina. Baada ya Tenerife sheria zilikazwa zaidi: neno la Kiingereza la kupaa huachwa kabisa redioni isipokuwa pale rubani anaporuhusiwa kupaa au ruhusa hiyo inapofutwa, na maagizo muhimu lazima yarudiwe kwa maneno yake, si kwa kuitikia tu.

Utaratibu huo wa kurudia umeingia hospitalini pia. Daktari akimweleza mgonjwa dawa tatu zenye saa tofauti, kisha akauliza "okei?", mgonjwa hujibu "okei" karibu kila mara, kwa sababu jibu hilo halimgharimu kitu na linamwepusha na aibu ya kuonekana mzito wa kuelewa. Wahudumu wa afya wanafunzwa badala yake kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakunywa nini na lini. Mwalimu anayeuliza darasa zima "tumeelewana?" na kupokea "ndiyoo" ndefu anajua anachokikosa. Kosa si la mgonjwa wala mwanafunzi. Ameulizwa kwa neno la kupokea, naye amethibitisha kwamba amepokea.

Pingamizi la mwisho ni kwamba binadamu hawasikii maneno matupu. Wanasikia sauti, wanaona uso, wanajua nani anasema na nani. OK ya mama mwenye hasira haichanganywi na OK ya rafiki. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nchi kavu, ana kwa ana, neno hili halileti shida kubwa. Tatizo ni kwamba maongezi yetu mengi sasa yamehamia mahali pasipo na sauti wala uso. Mtu anaandika ujumbe mrefu kuhusu ada za shule za watoto wa ndugu yao aliyefariki, nani atoe nini na kwa nini yeye mwezi huu hana, anausoma mara mbili kabla ya kuutuma, na anajibiwa "ok". Je, amekubaliwa? Amedharauliwa? Au mwenzake yuko kwenye daladala mkono mmoja umeshika bomba? Ukiwa na herufi moja tu, "k", mambo yanazidi. Watu wengi huisoma kama mlango uliobamizwa, ingawa aliyeiandika huenda alikuwa na haraka.

Mahali pengine pasipo na uso ni kitufe. Masimulizi ya watengenezaji wa kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple yanaeleza kwamba mwanzoni kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Mmoja wa watu walioletwa kuijaribu alionekana kuudhika, akauliza kwa nini programu inamwita "dolt", mpumbavu. Maneno mawili yaliyosogeleana kwenye skrini alikuwa ameyasoma kama moja. Wakabadilisha wakaweka OK, na tangu hapo kitufe hicho kimeenea kila skrini. Lakini kimerithi utata wote. Ujumbe unapotokea kwamba betri imekwisha na chini yake pana OK, kubonyeza ni kusema nimeona. Ujumbe unapotokea kwamba kampuni itakusanya taarifa zako na kuwapa washirika wake, na chini yake pana OK ile ile, kubonyeza kunahesabiwa kuwa umekubali. Kidole ni kile kile, na mara nyingi aliyebonyeza alitaka tu kukiondoa kile kisanduku asome habari yake.

Sheria zimeanza kuligusa jambo hili. Kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi, zilizoanza kutumika Mei 2018, zinataka ridhaa ionyeshwe kwa tendo la wazi, na mwaka 2019 mahakama ya Umoja huo iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama kabla si ridhaa. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019, ikitaka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi na ya mtu aliyejulishwa. Tanzania nayo ikapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Hakuna hata moja kati ya sheria hizi inayolitaja neno OK, lakini zote zinauliza swali ambalo OK halilijibu. Wanaotafsiri programu za simu kwa Kiswahili wanakutana na swali hilo kila siku, na wameshaanza kuligawa. Palipo na OK ya kawaida huweka "Sawa", iliyo jirani ya "Ghairi". Palipo na taarifa ya kusomwa tu huweka "Nimeelewa", na programu inapoomba kutumia kamera au kujua mahali ulipo, kitufe husema "Ruhusu".